Ajenti wangu wa kukusanya kodi ya nyumba, miezi 20 ndani: nyota mbili na nusu

Leo hapa soko la mitumba la Gikomba mvua imetufungia, matope ni ya kuingia na gambuti na hakuna mteja anashuka huku kwa mapazia yangu, basi wacha niandike hii maneno nimekuwa nikiahirisha. Niko na ajenti wa nyumba, miezi 20 sasa, anasimamia ploti yangu ya Kahawa West, bedsita 9, yaani vyumba vya kulala na kupika humo humo, na duka moja hapo chini, na kila tukikutana chama lazima kuna mtu ataniuliza, kwani huyo ajenti wako ni mzuri, nimpatie zangu pia? Mimi huwa najibu eeh ni sawa tu, juu kueleza ni safari ndefu. Jina lao siandiki, sitaki simu za mawakili, na pia nikiongea na wenzangu wenye wako na maajenti wengine naona ni wimbo mmoja, waimbaji tu ndio tofauti.

Kwanza pesa. Bedsita ni 7,500 kwa mwezi, duka 12,000, zikijaa zote na kila mtu alipe ni 79,500. Ajenti anakata asilimia 8 ya ile kodi imeingia, hiyo ni 6,360. Halafu akileta mpangaji mpya anachukua nusu ya kodi ya mwezi, yaani 3,750 kwa bedsita. Hii ya pili ishike vizuri tutairudia, mimi siku ya kusaini niliisoma nikaipita tu kama tangazo la mganga kwa mlingoti wa stima. Asilimia 8 yenyewe sina shida nayo, wenye nyumba kubwa huko Kilimani utasikia wakikatwa 5 na wenye vyumba vidogo 10, na ni haki, kufuata watu tisa wa 7,500 ni kazi kuliko kufuata mmoja wa laki.

Na kukusanya kodi jameni wanajua, hapo siwezi kuwanyima haki yao. Nyumba zangu za chini, namba 1 hadi 3, ndizo ziliisha kujengwa kwanza, na kabla ajenti aingie nilizipangisha mwenyewe kwa kibao cha mbao pale geti na nikawa nakusanya mwenyewe. Aibu tupu. Mimi kwa soko hakuna mtu ananipunguzia pazia ovyo, lakini mpangaji akikusimulia shida zake mlangoni saa moja usiku na mtoto anakohoa ndani ni kitu ingine, namba 2 siku moja nilienda kumdai nikatoka hapo nimemwachia 500 ya dawa. Ajenti hana huo moyo. Wapangaji wanatumiwa meseji tarehe 1, tarehe 3, tarehe 5, wanalipa kwa simu, kwa peibili ya ofisi na namba ya nyumba, hakuna kumpatia keateka, yule mwangalizi wa ploti, pesa mkononi, na hiyo pekee iliondoa ule mchezo wa "nililipa mzee wa geti". Miezi mitatu ya kwanza nililala vizuri.

Kutoa pesa sasa ndio walijifunza polepole. Mkataba unasema kodi inanifikia tarehe 10. Inafika 14, ikichelewa 17, na mimi mkopo wa sako unakatwa tarehe 12. Yaani natoa pesa ya kununua bale ya mitumba kulipia nyumba yenye imelipwa na wapangaji wiki iliyopita. Ukianza hii biashara usipange tarehe ya mkopo kwa kuangalia tarehe ya mkataba wa ajenti, weka wiki mbili hapo katikati ama utajuta.

Stetimenti inakuja kila mwezi, ukurasa mmoja, safi, na nembo ya rangi. Inaonyesha nani amelipa, nani bado, komisheni, na mstari mmoja umeandikwa "mengineyo". Huo mstari uogope. Mara 1,800, mara 2,800, nikaanza kuitisha risiti na picha, na ukishaanza kuitisha utashangaa vile mengineyo yanapungua yenyewe bila ugomvi. Lakini kitu yenye hiyo karatasi haionyeshi ni mtu aliingia lini na akatoka lini. Inakuonyesha mwezi mmoja tu kama picha ya paspoti. Hiyo ndiyo ilinimaliza.

Sasa namba 6.

Mwezi wa tano mwaka huu nilikuwa nauza hapa kama kawaida, msichana mmoja akaja kutafuta pazia ya dirisha ndogo, nikamuuliza vipimo, akanipatia vipimo nikasema haki hii dirisha naijua. Nikamuuliza anaishi wapi. Akasema amehamia Githurai 44 lakini hiyo pazia ya zamani ilikuwa ya Kahawa West ndio anajua size, na alivyoielekeza hiyo ploti ilikuwa yangu, namba 6, na hakunijua. Mimi nikanyamaza kama mtu ananunua mboga. Nikauliza tu, mbona ulihama, si huko ni karibu na chuo cha KU?

Akaniambia, "Mum, hiyo ploti ni poa lakini maji hapana. Pampu iliharibika siku 12, tulikuwa tunabeba mtungi wa lita 20 kutoka chini, na ukipigia ofisi hakuna mtu anashika. Halafu nikitoka wakakata 3,000 ya rangi kwa depoziti na rafiki yangu aliingia hapo baadaye anasema ukuta ni ule ule na alama ya ile picha nilibandika bado iko."

Nilimuuzia hiyo pazia kwa bei ya kununua. Jioni nikafungua daftari, nikachukua zile stetimenti zote 20 nikaanza kuandika majina, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na haraka ya kulala lakini nilikaa hadi saa sita.

Namba 6 imekuwa na wapangaji wanne kwa miezi 20. Juu zote, namba 4 hadi 9, watu wamebadilishana mara 11. Chini, zile tatu nilipangisha mwenyewe kwa kibao, ni watu wale wale tangu siku ya kwanza. Na siwezi kujisifu ati najua kuchagua watu, hapana, chini kuna bomba la uani, maji ya Kaunti yakija siku zake wanachota, juu wanategemea pampu ipeleke kwa tangi. Ukiangalia hiyo ramani hauhitaji kusomea kitu.

Halafu nikafanya hesabu yenye ningefanya siku ya kusaini. Mpangaji mmoja wa 7,500 akikaa ametulia, ajenti anapata 600 kwa mwezi. Akihama na mwingine aingie, ajenti anapata 3,750. Mtu mmoja kuhama anamlipa ajenti zaidi ya miezi sita ya kumtunza! Hizo mara 11 za kubadilishana ni 41,250 zimetoka kwangu, na hapo sijahesabu wiki nyumba ilikaa tupu, na nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja mimi napoteza 6,900 na yeye anapoteza 600. Sisemi wanafukuza watu makusudi. Sidhani hata. Lakini pampu ikiungua, nani kati yetu ako na sababu ya kukimbia? Mimi najua mtu wa mitumba akilipwa kwa kufungua bale na halipwi kwa kuuza, atafungua bale kila siku.

Nilienda ofisini na daftari. Yule kijana anashughulikia ploti yangu ni mtu wa heshima, hilo nikubali, alinipatia kiti na chai. Akasema, "Madam, bedsita ni nyumba za kuhama, wengi ni wanafunzi, semista ikiisha wanaenda." Na ni kweli, wanne kati ya hao walikuwa wanafunzi na hata malaika hangewazuia. Lakini saba? Kuhusu pampu akasema gharama ikipita 5,000 lazima nikubali kwanza kwa maandishi, walinitumia imeili, mimi sikujibu. Nikaangalia. Imeili ilienda kwa ile ya zamani ya mtoto wangu yenye tulitumia kujisajili. Kwa hiyo siku 12 watu walibeba maji juu ya ngazi kwa sababu ya imeili, na mimi nashinda na simu mkononi kutoka asubuhi, M-Pesa zao zinanifikia kwa hiyo hiyo namba. Hapo kosa nusu ni langu, nilisaini hicho kipengele. Lakini nusu ingine ni yao.

Rangi nayo walisema ni kawaida ya soko, kila anayetoka 3,000. Kawaida ya soko ni kupaka! Kama umekata ya rangi paka rangi. Na depoziti zote za juu wanakaa nazo wao, 45,000, sijawahi kuonyeshwa ziko kwa akaunti gani. Mimi nilikuwa najua tu ziko.

Wacha pia niseme ya duka juu hiyo ilinigonga mahali sikutarajia. Ajenti alimpatia mpangaji wa hapo, mzee anauza nafaka na M-Pesa, ile karatasi yao ya mkataba wa bedsita, mwaka mmoja, jina limebadilishwa tu. Mwaka ulipoisha nikataka 15,000, mzee akanicheka kwa upole, akaniambia mama enda uulize vizuri. Nikauliza wakili wa jirani. Kumbe duka sio nyumba. Iko sheria yake, Sura ya 301, na mkataba wa duka wenye haujaandikwa, ama ni wa miaka 5 kushuka, ama uko na kipengele cha kuuvunja kabla ya hiyo miaka 5, huyo mpangaji amelindwa. Kuongeza kodi ama kumtoa lazima notisi kwa fomu maalum, angalau miezi miwili, na akikataa anaenda kwa Tribunali ya kodi za nyumba za biashara na mnaanza kukutana huko. Ndio maana mawakili huandika hizo mikataba za maduka miaka 5 na miezi 3, mimi nilikuwa nadhani ni madaha tu. Mtu wa kukulipisha asilimia 8 kwa duka alipaswa kujua hiyo kabla ya mzee wa maharagwe. Mzee bado analipa 12,000 na ananisalimia vizuri sana.

Ushuru. Mwanzoni nikiuliza naambiwa "hiyo iko sawa". Haikuwa sawa. Kuna maajenti KRA, wale wa ushuru, imewateua wakate ushuru wa kodi ya nyumba na kupeleka wenyewe, na kuna wale hawajateuliwa, wangu hajateuliwa, kwa hivyo mzigo ni wangu, kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa mtandao wao wa iTax. Nyumba za kuishi, kama kodi yako yote ya mwaka iko kati ya 288,000 na milioni 15, ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kabla ya hapo ilikuwa 10. Na inakatwa kwa kodi yote, nzima, kabla ya kutoa kitu. Mimi kwa ujinga nilikuwa nahesabu ile pesa imefika kwa simu yangu baada ya ajenti kukata zake, na kumbe komisheni haitolewi, rangi haitolewi, riba ya sako haitolewi. Bedsita zikijaa ni 67,500, ushuru ni 5,062 na senti. Kodi ya duka haiingii hapo, hiyo ni ya biashara, inaenda kwa ritani ya mwaka ile ya mwisho wa Juni. Na hata mwezi nyumba zikikaa tupu unajaza sufuri, hauachi. Nilirekebisha, nikalipa na faini juu, nikanyamaza.

Malimbikizo sina mengi ya kusema, mmoja tu, namba 9, miezi miwili. Mtu wa ofisi akaniambia tutaweka kufuli. Nikakataa, si kwa huruma safari hii, kumfungia mtu nyumba kwa kufuli yako bila amri ya korti ni wewe utajikuta unajibu maswali, deni la kodi linafuatwa na dalali mwenye leseni na kwa utaratibu wake. Tulimpatia mpango wa kulipa mara tatu akamaliza. Hiyo walifanya vizuri, nilisema nitawapa haki yao.

Na hii pia: ni watu wamesajiliwa. Niliwauliza cheti cha bodi ya usajili wa maajenti wa nyumba, ile ya Sura ya 533, wakanionyesha, na leseni ya huo mwaka. Lakini niliuliza mwezi wa 17, mtu mwerevu anauliza siku ya kwanza. Huku Thika Road kutoka Roysambu hadi Kahawa kuna maajenti ofisi yao ni simu na kiti cha plastiki nje ya duka la vinyozi, wanakusanya depoziti za watu na wiki ijayo kiti hakipo.

Kwa hivyo nyota. Kama uko Qatar ama Mombasa na ploti iko Nairobi, wape tatu, hata tatu na nusu, juu bila wao utakuwa unapangisha kwa mawazo. Kama unaishi Zimmerman kama mimi, matatu ya 50 tu hadi kwa ploti, ni mbili. Nimegawanya katikati. Na kama uko na vyumba vinne vitano mahali unaweza kufika kwa miguu, kusema ukweli chukua tili yako mwenyewe ya M-Pesa, mlipe keateka vizuri, weka daftari, hizo 600 kwa kila nyumba zinatosha kumnunulia fundi wa maji soda kila wiki na akushikie simu.

Mbona sijawaacha sasa? Nimehesabu, kuhamisha watu 10 kutoka peibili moja hadi ingine kunaleta mwezi wa vurugu, kuna mtu atalipa huku na kuna mtu atajifanya amelipa kule. Nikaona afadhali tuandike mkataba mpya. Nikawaambia hivi: nawaongezea, kutoka asilimia 8 hadi 10, lakini ile nusu mwezi ya kuleta mpangaji ife kabisa. Wakikataa hiyo basi ibaki 8, lakini mpangaji akihama kabla ya miezi 6 wanaleta mwingine bure. Maji yakiharibika fundi anaitwa siku hiyo hiyo, hadi 10,000 bila kuniuliza, picha na risiti zije kwa WhatsApp na si kwa imeili ya mtoto. Depoziti zije kwangu, nami nirudishe ndani ya wiki mbili mtu akihama. Kila mtu akitoka aulizwe mbona, na jibu liandikwe kwa stetimenti. Namba za simu za wapangaji wote niwe nazo, na tukiachana wananipa mafaili yote ndani ya siku 30.

Yale mengine kijana alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Ile ya 10 bila nusu mwezi akatoa simu akapiga hesabu hapo hapo mbele yangu. Nilishaipiga mimi. Asilimia 2 zaidi ni 1,590 kwa mwezi, miezi 20 ni 31,800, na kwa kuleta wapangaji tu, ukiweka wale sita wa kwanza wa juu na hizo mara 11, walikuwa wamechukua 63,750. Nikaona uso umebadilika. Akasema, "Madam, hii wacha nipeleke kwa bosi, nitakurudia Ijumaa."

Hizo ni Ijumaa mbili zimepita. Na jana jioni namba 8 ameniandikia, amepata namba yangu kwa keateka, anauliza notisi ya kuhama ni ya wiki ngapi.